Jarnail Singh, beki kisiki aliyefundisha kushambulia

Tarehe 4 Septemba 1962, katika uwanja wa Senayan mjini Jakarta, India iliingia kwenye fainali ya soka ya Michezo ya Asia ikiwa na mshambuliaji wa kati aliyefungwa bandeji kichwani. Jarnail Singh hakuwa mshambuliaji. Alikuwa beki wa kati, wa aina ile ambayo mashabiki wetu humwita beki kisiki: ukijikwaa kwake unaumia wewe. Siku chache kabla, katika mechi ya makundi dhidi ya Thailand, alipasuka kichwa na kushonwa. Kocha wake, Syed Abdul Rahim, hakumpumzisha wala hakumrudisha nyuma alikozoea. Alimpeleka mbele. Katika nusu fainali dhidi ya Vietnam Kusini beki huyo alifunga bao moja kati ya matatu, India ikashinda 3-2. Kwenye fainali, mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kufika laki moja, wengi wao wakiizomea India, P. K. Banerjee alitikisa nyavu dakika ya 17 na Jarnail akaongeza la pili dakika ya 20. Korea Kusini, ambayo ilikuwa imeichapa India 2-0 katika mechi ya kwanza ya makundi, iliambulia bao moja karibu na mwisho. Zomeazomea ile wala haikuhusu mpira. Wenyeji walikuwa wamewanyima Israel na Taiwan nafasi ya kushiriki, na kiongozi wa michezo wa India, Guru Dutt Sondhi, alipotamka hadharani kwamba mashindano ya namna hiyo hayastahili kuitwa ya Asia, hasira ya Jakarta ikawashukia vijana ambao hawakuwa na neno lolote katika ugomvi huo.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ushujaa, na filamu ya Maidaan ya mwaka 2024, inayohusu maisha ya kocha Rahim, imekifikisha kwa watu wengi ambao hawakuwahi kulisikia jina la Jarnail. Ushujaa ulikuwepo, tena mkubwa. Lakini anayeishia hapo anabaki na swali lisilojibiwa: ilikuwaje mtu huyo huyo, miaka 12 baadaye, akakaa kwenye benchi la Punjab kama kocha na timu yake ikafunga mabao sita katika fainali moja? Bandeji haielezi hilo. Ninaamini jibu limo ndani ya kazi yenyewe ya ubeki. Beki wa kati aliye makini hushinda siku nzima akimsoma mshambuliaji, na akipata mwalimu wa kumfumbua macho, elimu ile anaweza kuigeuza ikafundisha kushambulia. Jarnail alimpata mwalimu huyo. Nchi yake ikaja kumkumbuka kwa bao na kuyasahau mafunzo, na kwa kufanya hivyo ikajipunguzia faida.

Alizaliwa mwaka 1936 huko Punjab, jimbo ambalo lilikatwa vipande viwili mwaka 1947, India na Pakistan zilipogawanyika, naye akiwa mtoto wa miaka 11. Alikuwa Msikh, mmoja wa wale ambao kwetu Afrika Mashariki wamezoeleka kuitwa Masingasinga. Mpira aliupatia sura katika Chuo cha Khalsa cha Mahilpur, mji mdogo ambao hadi leo hutajwa kama kitalu cha wanasoka wa Punjab. Kutoka hapo akaelekea Calcutta, jiji ambalo wakati ule lilikuwa kwa mchezaji wa India kama bandari kwa baharia, maana huko ndiko zilikokuwa klabu, magazeti na mashabiki. Akapita klabu ya Rajasthan, kisha mwaka 1959 akajiunga na Mohun Bagan, klabu iliyojijengea heshima mwaka 1911 vijana wake walipowashinda askari wa Kiingereza katika fainali ya kombe la IFA Shield, karibu wote wakicheza pekupeku. Alikaa hapo hadi 1968. Mwaka 1960 alikwenda na timu ya taifa kwenye Olimpiki ya Roma. Mwaka 1964 serikali ilimpa tuzo ya Arjuna, ambayo India huwapa wanamichezo wake bora. Baadaye aliliongoza taifa kama nahodha, na katikati ya miaka hiyo ya 1960 akavalishwa kitambaa cha unahodha cha timu ya nyota wa Asia. Kwa beki, hiyo ni heshima isiyo ya kawaida. Wanaopiga kura huwakumbuka kwanza wafungaji.

Turudi kwenye uamuzi wa Rahim, kwa sababu ndani yake mna darasa zima. Rahim alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa kocha, na ualimu haukumtoka. Alikuwa na beki mwenye jeraha bichi kichwani. Mtu wa kawaida angesema: huyu ni beki, kama anaweza kucheza acheze beki, kama hawezi akae nje. Lakini fikiria jinsi mpira wa kichwa unavyomfikia kila mmoja. Beki wa kati hachagui. Krosi ikipigwa, kona ikichongwa, kipa wa upande wa pili akibutua mpira mrefu, ni lazima aruke, na anaruka mara ishirini, akigongana na watu, kwa saa ambayo adui ameipanga. Mshambuliaji huchagua. Mpira ukimjia vibaya anauacha upite na hakuna bao analofungwa. Kwa hiyo kumhamishia mbele kulimpunguzia Jarnail hatari bila kuinyima timu nguvu zake, kifua chake na ule woga aliowatia wapinzani. Hapo hapo kukawapa Banerjee, Chuni Goswami na Tulsidas Balaram, wachezaji wepesi wenye ufundi mwingi, mtu wa kuwavuta mabeki wa Korea ili wao wapate nafasi. Nyuma, Arun Ghosh akabeba mzigo wa katikati ya ulinzi, na si ajabu kwamba naye baadaye akawa kocha. Rahim alitazama kile ambacho mtu anaweza kufanya siku hiyo, kwa mwili alionao siku hiyo, dhidi ya mpinzani wa siku hiyo. Jina la namba aliyozoea kucheza aliliweka kando. Miezi tisa baadaye, Juni 1963, Rahim alifariki kwa saratani, na wanafunzi wake wakabaki na kile walichokishika.

Jarnail alishika nini? Hapa inafaa tuutazame ubeki kwa karibu. Mshambuliaji anaweza kupotea dakika 80, akaibuka mara moja akafunga, na kesho yake picha yake ikapamba magazeti. Beki akizubaa mara moja tu, kazi yake ya dakika 89 imefutika. Adhabu hiyo humlazimisha kujifunza mambo ambayo mfungaji anaweza kuishi bila kuyajua. Anamtazama winga anavyoweka mguu wa kuegemea kabla ya krosi, na kutokana na mguu huo anajua mpira utaanguka wapi. Anajua mshambuliaji anayependa kuanzia mgongoni mwa beki na yule anayependa kuanzia mbele yake. Anajua ni mkimbio gani humfanya ageuke na kulipa kisogo goli lake, na anauchukia mkimbio huo kuliko teke la kwenye kifundo cha mguu. Mpira wote uko mbele ya macho yake, kwa sababu amesimama nyuma ya wenzake. Beki wa namna hii ukimwambia aunde safu ya ushambuliaji, haanzi na swali la jinsi ya kufunga. Anaanza na swali la nini kilichokuwa kikimnyima usingizi yeye mwenyewe, kisha anawafundisha vijana wake kukifanya hicho. Na Jarnail alikuwa na la ziada ambalo mabeki wengi hawana: katika mechi mbili ngumu za Jakarta alikuwa ameuona uwanja kutoka upande wa pili.

Mwaka 1970 Punjab ilitwaa Kombe la Santosh kwa mara ya kwanza, Jarnail akiwa mchezaji mkongwe kikosini. Kombe hili, lililoanza mwaka 1941, ni la timu za majimbo, na kabla ya ligi za taifa kuanzishwa ndilo lililokuwa kipimo cha soka la nchi nzima. Bengal ndiyo iliyolichukua mara nyingi kuliko jimbo lolote. Mwaka 1974 mashindano yalifanyika Jalandhar, huko huko Punjab, Jarnail sasa akiwa kocha. Punjab ikatinga fainali dhidi ya Bengal hao hao, na matokeo yakawa 6-0. Mshambuliaji wa Punjab, Inder Singh, alifunga mabao 23 katika mashindano hayo. Ili kuupima uzito wa jambo hili ni lazima kuelewa timu ya jimbo ilivyokuwa inaundwa. Wachezaji hawakuwa wa klabu moja. Wapo waliotoka kikosi cha walinzi wa mpaka, wapo waliotoka polisi, wapo waliotoka kiwanda cha nguo cha JCT cha Phagwara, kila mmoja na bosi wake na mazoezi yake. Walikusanywa kambini kwa muda mfupi, wakacheza, wakatawanyika. Kocha katika mazingira hayo hapati nafasi ya kumfundisha mtu mpira upya. Silaha yake kubwa ni kuchagua na kupanga: nani asimame wapi, nani amtumikie nani, na ni kitu gani kiachwe ili kingine kiwezekane. Hilo ndilo somo la Jakarta, na nadhani haikuwa bahati kwamba mwanafunzi wa Rahim ndiye aliyelitumia vizuri kiasi hicho.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Mtu atasema: mabao 23 ni ya Inder Singh, si ya kocha, mwenye Inder Singh hata akiweka mlinzi wa geti kwenye benchi atashinda. Inder alikuwa mfungaji wa ajabu, hilo halina ubishi. Lakini hakuibuka mwaka 1974. Tangu miaka ya 1960 alikuwa anajulikana India nzima, alifunga katika Kombe la Asia la 1964, na bado Punjab ilisubiri hadi 1970 ndipo ikaonja kombe. Kipaji kilikuwepo muda wote. Kilichobadilika ni watu waliokizunguka na jinsi walivyopangwa. Tena mfungaji wa mabao mengi namna ile ni ushahidi wa mpango, kwa sababu mtu mmoja hafungi mabao 23 katika mashindano mafupi bila wenzake kukubali kwamba mpira wa mwisho uende kwake. Kuwafanya watu kumi wakubali hivyo ni kazi, na kazi hiyo ina mwenyewe. Sisemi kombe moja linamfanya mtu kuwa kocha mkubwa. Nasema fainali ile haiwezi kuelezwa kwa kumtaja mfungaji peke yake.

Wengine watasema Asia ya wakati ule ilikuwa dhaifu, kwa hiyo hata sifa za Jarnail kama mchezaji zimepulizwa. Michezo ya 1962 ilikuwa na timu nane tu za soka, na Israel, iliyokuwa na nguvu, haikuwepo. Nakubali. Lakini Korea Kusini iliyofungwa kwenye fainali ndiyo iliyokuwa imetwaa Kombe la Asia mara zote mbili lilipokuwa limechezwa, mwaka 1956 na 1960. Na nje ya Asia, Olimpiki ya Roma ilitoa kipimo kingine: India ilifungwa na Hungaria 2-1, Hungaria ile iliyokwenda kuchukua medali ya shaba, ikatoka sare ya 1-1 na Ufaransa, ikafungwa na Peru 3-1. Timu dhaifu haitoki hivyo. Kilichotokea ni kwamba wenzao walisonga mbele na India ikabaki pale pale. Hadi kufikia miaka ya 1970 mechi za ndani za India zilikuwa zikichezwa dakika 70. Mchezaji aliyezoea hivyo, akikutana na Mkorea au Mjapani aliyelelewa katika dakika 90, alikuwa anaingia kwenye dakika 20 za mwisho kama mgeni asiyeijua nyumba. Hakuna kocha, beki wala mfungaji, anayeweza kuliziba pengo hilo kwa maneno ya chumba cha kubadilishia nguo.

Pingamizi zito zaidi lina jina, nalo ni Syed Nayeemuddin. Huyu alizaliwa Hyderabad mwaka 1944, akacheza beki, na kama nahodha akaiongoza India kupata medali ya shaba katika Michezo ya Asia ya Bangkok mwaka 1970, walipoifunga Japani 1-0. Akawa kocha. Mwaka 1990 aliipa klabu ya East Bengal vikombe vitatu vikubwa katika msimu mmoja, na mwaka huo huo akapewa tuzo ya Dronacharya, inayotolewa kwa makocha. Aliliongoza taifa kutwaa ubingwa wa Asia Kusini mwaka 1997 na tena mwaka 2005. Lakini Februari 2006 Japani iliifunga India yake 6-0, wiki moja baadaye Yemen ikaja India ikashinda 3-0, naye akaondolewa, nafasi ikachukuliwa na Mwingereza Bob Houghton. Nayeemuddin alijulikana kwa ukali na nidhamu, na kuna wanaosema hapo ndipo beki anapoishia: anajua kuzuia, kukataza na kuamrisha, na mchezo ukibadilika hana la kuongeza. Mimi naona tofauti nyingine. Nidhamu ni sehemu ya ubeki inayoonekana kwa macho, kwa hiyo ndiyo rahisi kurithi na rahisi kusifiwa. Kusoma mchezo ni sehemu isiyoonekana. Nayeemuddin alikuwa na vyote viwili, la sivyo asingepata yale aliyoyapata, lakini mwaka 2006 alipewa timu ya kucheza na Japani iliyokwisha kushiriki Kombe la Dunia mara mbili, na wachezaji wa India walikuwa wakitoka katika ligi ya kiwango kingine kabisa. Aliyechukua timu baada yake naye alianza kwa vipigo katika mashindano yale yale. Kipigo kile kiliandikwa kwa jina la kocha, ila kilikuwa cha mfumo mzima.

Wala simaanishi kwamba washambuliaji hawawi makocha. P. K. Banerjee, winga yule yule aliyefungua mabao ya Jakarta, alikuwa miongoni mwa makocha waliopata mafanikio makubwa kuliko wote nchini humo. Mwaka 1997, mbele ya umati wa zaidi ya watu laki moja kwenye uwanja wa Salt Lake, East Bengal yake iliifunga Mohun Bagan 4-1. Banerjee alisifika kwa ulimi: aliwaamsha wachezaji kwa maneno hadi wakatoka chumbani wakiamini hawafungiki. Hicho ni kipawa cha mtu aliyeishi mbele, aliyezoea kuamini kwamba nafasi inayofuata itaingia. Kocha aliyetoka nyuma huwa na kipawa kingine. Yeye amezoea kutarajia mabaya na kuyaandalia dawa mapema. Soka linawahitaji wote wawili, na India ilibahatika kuwapata wote wawili kutoka timu moja ya mwaka 1962.

Sasa tazama tuzo zenyewe. Katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India, Arjuna ni mpiga upinde hodari na Drona ni mwalimu aliyemfundisha. Nayeemuddin alipewa ya mwalimu mwaka 1990, na ya mpiga upinde akaipata mwaka 1997, miaka saba baadaye, wakati siku zake za kucheza zilikuwa zimepita zamani. Jarnail alipewa ya mpiga upinde akiwa na miaka 28. Ya mwalimu haikumfikia. Ilianzishwa mwaka 1985, wakati yeye alikuwa anatumikia serikali ya Punjab katika mambo ya michezo, na mshale wake wa Jakarta ulikuwa umeshamfunika kocha wa Jalandhar. Waandishi wa soka wa India wamehifadhi dakika ya bao lake, bandeji yake, hata kelele za mashabiki. Ukitafuta alivyoipanga Punjab ya 1974, aliwaambia nini mabeki wake kuhusu Bengal, kwa nini alimtumia nani mahali gani, unakuta karibu hakuna kitu. Hasara hiyo si ya heshima ya mtu mmoja. Maarifa ya kocha yasipoandikwa huondoka naye, na kocha anayefuata huanza tena na ubao mtupu, au kiongozi wa chama cha soka hupanda ndege kwenda kutafuta mgeni.

Na wageni walitafutwa kweli. Kuanzia 2012 hadi 2025 timu ya taifa ilifundishwa na Mholanzi, Mwingereza, Mkroatia na Mhispania, mmoja baada ya mwingine. Mkroatia huyo, Igor Štimac, alikuwa beki wa timu iliyoshika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la 1998, kwa hiyo India ilisafiri hadi Ulaya kumleta beki aliyegeuka kocha. Sina tatizo na mgeni mwenye ujuzi. Rahim mwenyewe alijifunza kwa yeyote aliyekuwa na la kumfundisha. Ila Agosti 2025 kazi hiyo ilirudi kwa mwenyeji, Khalid Jamil, kiungo wa zamani ambaye mwaka 2017 aliipa klabu ndogo ya Aizawl, kutoka jimbo la milimani la Mizoram, ubingwa wa taifa uliowashangaza wengi. Wakati wa kazi yake ndio wakati wa kuandika. Chama cha soka cha India, klabu za Kolkata (Calcutta ya zamani) na Goa na waandishi wa Punjab wangefanya jambo la maana sana kuwaketisha wachezaji wa 1974 ambao bado wako hai, na kuwauliza kocha wao alifanya nini kambini, kabla wa mwisho wao hajaondoka.

Mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa. Jarnail Singh alifariki Oktoba 2000 huko Vancouver, Kanada, akiwa na umri wa miaka 64. Bao lake la dakika ya 20 ndilo lililoamua fainali ya Jakarta, na tangu siku ile India haijachukua tena medali ya dhahabu ya soka katika Michezo ya Asia.